Kona Nne za Kava la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Mwanangu Scola amelala. Naandika haraka kabla hajaamka.

Mama mkwe amepiga simu kutoka Mwamgongo. Anakuja Jumapili na boti ya asubuhi. Sauti yake ilikuwa tamu mno, nikajua kuna jambo. Jambo lenyewe ni hili: tarehe kumi na tano, sikukuu ya Kupalizwa, yeye ndiye atakayebeba Biblia kwenye maandamano ya jumuiya yao. Analitaka kava lake. Lile la ngozi. Ngozi ya mbuzi aliyechinjwa siku Scola alipobatizwa. Aliipeleka mwenyewe kutengenezwa Mwandiga, akaniletea mwezi wa sita pamoja na kamba yenye mafundo ya vipimo. Mwezi wa sita! Tangu hapo ngozi iko juu ya kabati, nami kila akiuliza nasema inaendelea vizuri mama.

Kisha akasema la pili, kwa sauti ileile tamu. Cherehani ni yake, mimi alinipa niitunze. Akikuta kona za kava zimekaa ovyo, Jumapili hiyohiyo inahamia Mwandiga kwa Winfrida.

Winfrida ni wifi yangu. Anashona sare za shule. Hana mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne anayetafuna bobini. Kona zake zimenyooka kama za bahasha. Anasema hivyo mwenyewe, hakuna anayemuuliza.

Cherehani haitoki humu ndani. Ndiyo kazi pekee ninayoweza kuifanya huku jicho langu liko kwa mtoto. Wakiichukua, nitabaki na nepi na sufuria.

Mpango: nimalize kava kesho, Jumapili wakija wanikute nimekaa tu kama mtu asiye na wasiwasi.

Nimeanza kwa kuitia mashine mafuta. Yale ya chupa ndogo yalikwisha tangu Pasaka. Nimetumia mawese. Kigoma hii mawese tunapikia, tunampaka mtoto ngozi ikikauka, hata bawaba za mlango wetu zilinyamaza kwa mawese. Cherehani ni nani hata ikatae? Nimepaka kwa unyoya wa kuku, kila penye tundu na kila penye kuzunguka. Hata vile visahani viwili vya juu vinavyoubana uzi sijavisahau. Vimeng'aa.

Jumanne, 5 Agosti

Mshono wa kunyooka umekwenda. Ukiuangalia kwa juu.

Kisha kona. Pale ngozi imekunjwa huku na huku, inakuwa nene kama chapati nne. Mguu wa cherehani, ule unaoikandamiza ngozi chini ya sindano, ukanata. Nikaupaka mawese kidogo chini. Ukateleza vizuri, ukaruka nje ya mstari, nikaurudisha, nikageuza kona, nikamaliza. Juu, safi. Nikapindua nione chini.

Kiota. Kiota kabisa, cha ndege mwenye familia kubwa.

Nikafikiri. Uchafu uko chini, kwa hiyo kosa liko chini. Chini kuna bobini yenye uzi wake. Nikaikaza skrubu ya kikombe chake. Uzi ukakatika. Nikailegeza. Kiota. Nikaikaza. Ukakatika. Hivyo hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, na kona ni ileile moja.

Ngozi si kitambaa. Kitambaa ukikosea unafumua, unapiga pasi, na hakuna wa kujua. Kwenye ngozi tundu likishaingia limeingia. Kona yangu imekuwa chujio la chai. Ilibidi niikate. Ukikata upande mmoja unakata na mingine ilingane, basi vidole viwili vimekwenda kila upande.

Nimepima na kamba ya mafundo. Biblia haitaingia. Biblia yenyewe si ya kawaida: imenona. Ndani kuna picha za watakatifu, picha ya harusi yetu na ratiba za mazishi ya watu watatu.

Mpango: nimwambie mama mkwe apunguze marehemu. Nitamwambia kwa heshima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Ujiji kwa Mzee Telesphory, yule anayetengeneza viatu na cherehani pembeni mwa soko. Scola mgongoni, kile kipande kilichoharibika ndani ya mfuko. Nikamwamkia. Akakishika kipande, akakiinua kwenye mwanga, akaniuliza kama kona hii ilishonwa au iliumwa na mbwa. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri viatu wakacheka. Mimi sikucheka. Scola alicheka, yeye hana upande.

Lakini mzee anajua. Alisema viota vikiwa chini, mkosaji yuko juu. Uzi wa juu haujabanwa, ndiyo maana unamwagika chini. Nitie uzi huku mguu wa cherehani umeinuliwa, ili uzi uzame katikati ya vile visahani viwili. Mguu ukiwa chini visahani vimefunga mdomo, uzi unapita juujuu. Nikifika kwenye kona, sindano ibaki imezama ndani ya ngozi, ndipo niinue mguu, nigeuze, niushushe. Hatua mbili tatu za sindano pale penye unene nizungushe gurudumu kwa mkono, nisikanyage. Na kabla ya yote nichukue wembe, nipunguze ngozi kwa ndani pale inapokunjwa.

Nikasema ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Kisha akauliza: unatia mafuta gani?

Nikatazama wale wanawake. Mmoja namfahamu, anauza vitambaa Mwandiga, karibu na Winfrida. Nikisema mawese, habari itafika kwa wifi kabla mimi sijafika nyumbani Kasingirima. Nikasema natia mafuta ya cherehani, yale ya chupa.

Mzee akakuna kichwa. Akasema kama mafuta ni hayo, basi nikifanya yote na kiota kikabaki, yeye hajui, nimletee mashine.

Nimembeba Scola tu mgongo umeniuma. Mashine nitaibebea wapi?

Jumapili bado mbali. Kesho nafanya yote aliyosema.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya yote. Wembe, nimepunguza. Mguu juu, nimetia uzi. Sindano chini, mguu juu, nimegeuza, mguu chini, gurudumu kwa mkono, taratibu kama mtu anayemvua mtoto nguo akiwa amelala.

Nikapindua. Kiota kidogo. Cha ndege kapera.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwingine. Nikasema hiki kidogo nakimaliza kwa kukaza skrubu ya juu. Nikakaza. Uzi unateleza tu katikati ya visahani, kama samaki kwenye mikono yenye sabuni. Nikakaza tena. Unateleza. Nikaona labda visahani vimekauka, havifanyi kazi kwa raha. Nikachukua unyoya, nikavipaka vizuri.

Kapera akarudi na mke, watoto na shemeji zake.

Nikakaza skrubu mpaka mwisho, nikawa sijui mwisho uko upande gani, ikachomoka. Springi ikaruka. Nikatafuta chini ya meza, chini ya kitanda, ndani ya viatu. Nikamwona Scola amekaa kimya, mashavu yamejaa. Roho ikanitoka. Nikamfungua mdomo: bobini. Springi nimeikuta baadaye, alikuwa ameikalia. Nilimwambia kwa ukali kwamba vyuma si chakula. Akanicheka na meno yake sita. Nikambusu, lakini nikarudia: si chakula.

Kona mbili zimekuwa chujio. Nimekata tena pande zote.

Jioni mume wangu Jeremia amerudi kutoka Kibirizi, anakotengeneza boti. Akaliona kava mezani. Akauliza hili ni la Biblia ya nani, ya sungura? Nikamwambia leo atakula ugali na maneno yake. Akala. Aliomba mboga mara mbili, nikampa alipoomba ya tatu.

Lakini sungura amenipa wazo. Kava haliwezi kukua, ila Biblia inaweza kupungua. Jirani yetu Astérie ana Agano Jipya dogo, la kuingia mkononi. Mpango: nimshawishi mama mkwe kwamba siku hizi kwenye maandamano wanabeba Agano Jipya tu. Ni jepesi. Na ni jipya, jina lenyewe linasema.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Jeremia yuko nyumbani, maana yake hayuko nyumbani, amekwenda kuangalia maonyesho na rafiki zake.

Saa nne hodi. Winfrida! Na ndizi, na soksi za Scola alizofuma mwenyewe. Nilikuwa na muda wa kusukuma ngozi chini ya godoro, basi. Akakaa juu ya godoro hilohilo. Akasema kuna kitu kigumu. Nikasema ni mgongo wako wifi, umechoka na safari. Akanitazama.

Nikaona akibaki ataniuliza habari za kava. Nikamwomba anishikie Scola, nakimbia kwa jirani mara moja. Hapo nimeua ndege wawili: nimemkwepa, na Agano Jipya nimelipata. Astérie amelitoa palepale. Nilipofika njiani nikalifungua. Ni la Kirundi. Nikasimama nikawaza. Mama mkwe anazungumza Kiha, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Haidhuru.

Nimerudi nikakuta nyumba yote inanuka mafuta ya taa. Scola amelala mgongoni kwa Winfrida. Cherehani imefunguliwa tumbo. Winfrida mikono myekundu mpaka viwiko, na kitambaa kilichokuwa cheupe kimekuwa rangi ya mchuzi.

Akaniuliza: wifi, hii ni cherehani au sufuria ya kukaangia samaki wa migebuka?

Nikasema ilikuwa inapiga kelele.

Akasema visahani vikiwa na mafuta haviwezi kubana uzi, hata ukaze skrubu mpaka Krismasi. Ameviosha kimoja kimoja kwa mafuta ya taa, amevikausha, ametoa mkobani chupa yake ya mafuta ya cherehani akatia matone matatu, na si kwenye visahani. Sindano yangu pia ameing'oa, ati ni ya vitenge. Ameweka ya ngozi. Alikuwa nayo kwenye mkoba! Nani anatembea na sindano ya ngozi kwenye mkoba siku ya Nane Nane?

Nikasema asante wifi.

Moyoni nimeelewa kila kitu. Mawese ya wiki nzima, yalikuwa ndiyo yanaanza kuingia, ameyaosha yote siku mbili kabla mama hajafika. Na hakuuliza habari za kava hata mara moja. Mtu asiye na hila angeuliza.

Ile chupa ameniachia. Nimeiweka juu ya kabati, nyuma kabisa. Sijui ndani kuna nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Meno ya Scola. Ana homa kidogo, hataki chini, hataki kitanda, hataki baba. Nimefanya kila kitu kwa mkono mmoja tangu alfajiri.

Nimejaribisha kava kwenye Agano Jipya la Astérie. Limefunika Mathayo na Marko. Luka yuko nje.

Cherehani sikuigusa. Siiamini tena tangu wifi alipoipekua.

Saa tisa mtoto akasinzia begani, na hapo wazo likanijia, jema kuliko yote. Taabu yangu yote wiki hii ni kona. Sasa nani kasema lazima ziwepo kona? Nikachukua bakuli la uji la Scola, nikaligeuza juu ya ngozi palipobaki pazima, nikazungushia kalamu. Mara mbili. Nikakata, nikashona kwa mkono kwa uzi wa nyavu. Kifuko cha rozari. Cha mviringo. Hakina kona hata moja. Sijui kwa nini Mzee Telesphory hakulifikiria hili, umri wote ule.

Mpango: mama mkwe akiuliza kava, nampa kifuko, namwambia rozari ndiyo inayobebwa karibu na moyo. Akitaka kuiona cherehani, aikute inang'aa. Kesho kabla hajafika nitairudishia mawese yake.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka nimechelewa. Scola alilala juu ya kifua changu, homa imeshuka, sikutaka kumsogeza.

Nikachovya unyoya kwenye mawese. Nikaunyoosha kuelekea kwenye visahani. Hodi!

Mama mkwe mlangoni, Winfrida nyuma yake na kapu. Mwakeye, mwakeye, tukasalimiana kwa Kiha. Nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo mama, unyoya nimeusokomeza kwenye kitenge. Doa limeenea mpaka gotini. Aliliona. Halafu akaona kifuko.

Alikizungusha mkononi. Akatafuta pembe, hakuzipata. Akasema mbuzi wa Scola watu thelathini walimla wakashiba. Huyu hapa ni mbuzi gani? Nikaanza habari ya rozari na moyo. Akakiweka mezani. Nikaanza habari ya Agano Jipya, nikampa la Astérie. Akafungua, akasoma mstari mmoja, akasoma vizuri tu, akalifunga, akaniambia nimrudishie mwenyewe kitabu chake leo hii.

Kisha akasema kaa.

Akatoa kwenye kapu ngozi. Ya rangi ileile! Akasema mbuzi ana pande mbili, mkamwana, na upande mmoja niliuweka kwangu. Nakujua. Wali wako wa kwanza katika nyumba yangu uliungua, ukaufukia nyuma ya choo, ukaniambia majirani walikuja wakaumaliza. Mimi nilikuwa dirishani.

Miaka minne hakuwahi kusema.

Akaweka Biblia mezani, nene na picha zake na marehemu wake. Akasema shona, niko hapa. Ikiwa mbaya Winfrida anaondoka nayo sasa hivi, bajaji inasubiri nje. Kweli ilikuwa inasubiri, niliisikia ikinguruma.

Nikakaa. Scola akaja akashika goti langu palepale penye doa, hakulia, alishika tu. Nikapunguza ngozi kwa wembe. Nikakanyaga. Nikafika kwenye kona. Sindano chini, mguu juu, nikageuza, mguu chini, gurudumu kwa mkono. Hatua tatu. Nikaendelea. Sikutaka kupindua. Mama mkwe akapindua yeye.

Chini palikuwa kama juu. Uzi umelala, hatua zimepangana. Hakuna ndege, hakuna kiota. Nilitazama mara mbili.

Kona ya pili. Ya tatu. Ya nne. Biblia ikaingia yote, na marehemu wote watatu. Mama mkwe akapitisha kidole gumba kwenye kila kona, polepole, kama anavyompima mtoto utosi. Akasema: hili linabebeka mbele ya watu. Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, lakini mimi sijalala wiki nzima.

Nikamtazama Winfrida. Alikuwa anamlisha Scola ndizi, anaangalia dari. Wivu ni kitu kibaya.

Basi, cherehani inabaki. Ila mama amekwisha waahidi wenzake watatu watakaotembea naye kwenye maandamano, na ngozi zao amekuja nazo. Makava matatu, kona kumi na mbili. Analala kwa Winfrida, Alhamisi anapita kuyachukua akielekea kwenye boti. Amesema anataka kona kama hizi. Zikiwa vinginevyo, Winfrida yuko njiani na bajaji zipo.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi nimetulia, nimewaza kwa akili. Kwa nini jana ilishona vizuri?

Nimepata jibu. Ni mawese. Yalikuwa yamekwisha zama ndani ya chuma, wiki nzima. Mafuta ya taa yaliosha uchafu wa nje tu, ndani hayakufika. Winfrida hajui hilo. Mzee Telesphory naye hajui, tena hakuambiwa.

Sasa kona kumi na mbili si mchezo. Mashine imefanya kazi, nayo ipate kula. Nimechukua unyoya nikaipa haki yake, kila penye tundu na kila penye kuzunguka. Visahani nimevipaka mara mbili. Vimeng'aa kuliko siku ile ya kwanza. Ile chupa ya wifi nimeisogeza nyuma zaidi.

Kava la kwanza, kona ya kwanza. Sindano chini, mguu juu, nimegeuza. Juu, safi kabisa.

Nimepindua.

Si kikubwa. Jana wakati wa kuaga niliona Winfrida amelishika gurudumu, alijifanya anaegemea. Nilijua tu kuna kitu amefanya. Nimekata vidole viwili kila upande. Siku tatu ni nyingi.

Scola ameamka, anaita. Nimemtuma Jeremia kwa Astérie, akaazime tena lile Agano Jipya.